Kuku wa Ukutani

Harufu ya alizeti iliyofungiwa ndani haitoki haraka. Inaingia kwenye udongo wa ukuta, kwenye boriti, kwenye godoro, na ukilala humo inakuingia hata wewe. Hiyo ndiyo harufu ya chumba changu cha kwanza, nyumbani kwetu Shelui, mwaka niliokuwa darasa la sita. Kabla ya hapo nililala sebuleni, juu ya godoro nililolikunja kila asubuhi kabla wageni hawajabisha hodi, na wageni wetu walikuwa na tabia ya kufika jogoo akiwa bado anawika. Kaka yangu Yona alikuwa na chumba chake kwa sababu alizaliwa wa kwanza na alizaliwa mvulana, na hakuchoka kunikumbusha mambo yote mawili. Chumba cha tatu kilikuwa stoo. Mvua zilipokaribia na magunia ya mwisho yakauzwa, Baba alikifagia, akaingiza kitanda, akaniita mlangoni na kusema, "Penina, utalala humu. Ila tukivuna, magunia yanarudi, nawe unarudi sebuleni." Niliitikia "Ndiyo, Baba" kwa adabu zote, na moyoni nikaapa kwamba sirudi.

Nilikaa kitandani nikakitazama kile chumba kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Shida niliiona haraka: ukuta. Ulikuwa wa matofali ya udongo, umepakwa chokaa siku nyingi zilizopita, na magunia yalikuwa yameuchubua na kuuachia madoa ya mafuta. Mtu akifungua mlango na gunia begani, hakukuwa na chochote humo cha kumfanya asite. Nikajiambia kwamba chumba hiki kikionekana kuwa cha mtu, atakayeingiza gunia itabidi kwanza aone aibu. Yalikuwa mawazo ya kitoto, lakini sikuwa na mengine, na nilikuwa na msimu mzima wa mvua mbele yangu.

Mama alikuwa na mgahawa wa mabati pale malori yanapoegesha, na jirani yake alikuwa Fundi Msafiri, mtu wa stika. Madereva walimletea malori yao ayaandike majina ya watoto wao, maneno ya kumshukuru Mungu na vijembe kwa wenye wivu. Aliyakata maneno hayo kwa kiwembe kutoka kwenye karatasi za plastiki zenye gundi nyuma, nyekundu, njano, bluu, na nyingine za kung'aa ambazo taa ikizimulika zinawaka. Nikitoka shule nilimsaidia Mama kuosha vyombo, macho yakiwa kwa Fundi. Niligundua kwamba akikata herufi O, katikati inabaki duara zuri kabisa, na akikata A inabaki pembetatu, na vyote hivyo alivitupa chini. Siku moja nilimwamkia, nikamwomba vile vipande. "Marahaba, binti. Chukua, utanipunguzia kufagia," akasema. Niliviokota vyote. Duara likawa tumbo, pembetatu ikawa mdomo, vipande virefu vya pembeni vikawa miguu na mikia. Nilikuwa nimepata kuku.

Nilibandika kundi zima jioni moja, nikalala nikitabasamu peke yangu. Asubuhi kuku wote walikuwa sakafuni, vifudifudi, gundi imejaa unga wa chokaa. Yona alichungulia mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta. "Kuku wako wamepigwa na kideri," alisema, akaenda kuwaambia rafiki zake, nami nikalia kwa hasira. Nilipompelekea Fundi Msafiri mmoja wa wale marehemu, alimgeuza, akampuliza, akatikisa kichwa. "Stika haishiki vumbi, binti. Mimi lori naliosha kwa sabuni kwanza, nalikausha. Sasa ukuta wako unatoa unga, utauosha mpaka lini?" Nilirudi nyumbani nikiwa nimenuna, lakini swali lake lilinikaa. Ikiwa ukuta hauoshiki, basi nitautengeneza uwe kama bodi ya lori.

Nilianza kukwangua chokaa kwa kijiko kilichovunjika. Vumbi lilinipaka weupe mpaka kope. Mama alipita mlangoni mara kadhaa bila kusema neno, na nilidhani amekasirika. Jumamosi akaja na ndoo ya udongo wa kichuguu, ule laini mwekundu, akakunja kitenge, akaanza kuusiriba ukuta kwa kiganja kama wanawake wa kwetu wanavyosiriba nyumba zao. "Usitumie mwiko," alisema. "Mkono unasikia penye shimo." Tulifanya kazi bega kwa bega hadi jua likazama. Siku zile za mvua udongo ulikauka polepole, na kila ulipopasuka nilijaza nyufa na kuusugua kwa jiwe la mtoni. Kisha nikazunguka kwa mafundi wanaopaka rangi milango ya malori, nikiomba mabaki ya rangi ya mafuta. Nilipata mikebe yenye ngozi ngumu juu, nikaichanganya, ikatoka bluu iliyopauka. Ukuta uliinywa mkono wa kwanza wote kama hakuna kilichopakwa. Ukanywa na wa pili. Wa tatu ukabaki juu, ukang'aa, nami nilipopitisha kidole na kukikuta safi, niliruka nikagonga kichwa kwenye boriti.

Niliokota vipande vipya kwa Fundi, na safari hii sikuwa na haraka. Niliosha mikono, nikaufuta ukuta kwa kitambaa, nikabandika kipande kimoja kimoja na kukikandamiza kwa rula ili hewa itoke. Kuku jike mkubwa mwekundu, vifaranga nyuma yake, jogoo wa njano mwenye mkia wa kila rangi, wote wakitembea kutoka mlangoni kuelekea dirishani. Macho yao niliyakata kutoka kwenye zile stika za kung'aa. Asubuhi niliogopa kufungua macho. Nilipoyafungua, hakuna hata kifaranga aliyekuwa ameanguka. Nilimwita Yona aje aone, naye akatazama, akajaribu kumbandua jogoo kwa ukucha, akashindwa, akaondoka bila kutia neno. Sijawahi kufurahia kimya cha mtu kama nilivyofurahia kile.

Mavuno yalikuja na yalikuwa mazuri, bahati mbaya kwangu. Trekta lilisimama uani giza likianza kuingia, na vijana wakashusha magunia. Nilisimama karibu na kitanda changu, nikisikia hatua zao. Baba, ambaye msimu wote alikuwa akitoka shambani kachoka na hakuwahi kufika chumbani kwangu, alitangulia na tochi akasukuma mlango. Mwanga ukagonga ukuta na macho ya kuku wote yakawaka kwa pamoja. Kijana wa mbele akarudi nyuma, nusura gunia limponyoke. Baba akamulika kuku mmoja baada ya mwingine.

"Hawa kuku ni wa nani?"

"Wa kwangu, Baba."

"Nani kakuwekea?"

"Nimeweka mwenyewe. Mama alinisaidia ukuta."

Akaugusa ukuta kwa kiganja, akaupapasa taratibu. Kisha akawageukia vijana. "Geuzeni. Pelekeni chumbani kwangu." Mwaka ule baba yangu na mama yangu walilala wamezungukwa na magunia mpaka karibu na paa, wakipita ubavu ubavu kufika kitandani. Mama alikuwa akicheka kila alipokwama. Mimi nilikuwa malkia.

Sasa ninaishi mjini Singida, na stika za ukutani zinauzwa madukani zikiwa tayari zimekatwa. Unabandua, unabandika, chai haijapoa umeshamaliza. Chumbani kwa binti yangu nilibandika twiga mrefu kuliko mimi. Alimtazama, akasema ni mzuri, akaniomba simu achezee. Sikumlaumu. Hajawahi kupigania mahali pa kulala, na hilo ndilo nililolitaka kwake. Kiangazi kilichopita Baba aliamua kujenga nyumba mpya ya matofali ya kuchoma. Tulimfuata kiwanjani, Yona na mimi, naye akichora vyumba ardhini kwa kisigino: hapa sebule, hapa chetu na mama yenu, hapa cha Penina akija na wanawe. Yona akahesabu michoro, akauliza alizeti zitakaa wapi. Baba hakuinua hata kichwa.

"Stoo ijengwe nje," alisema. "Ndani ya nyumba wanakaa watu."