Samaki wa Chumvi ya Uvinza

Baba yangu alikuwa mpiga mbizi wa samaki wa mapambo. Kwa wasioijua kazi hiyo, hapa sisemi migebuka wala dagaa. Nasema vile visamaki vya rangi rangi vinavyokaa kwenye mawe ya ziwa, ambavyo watu wa Ulaya huvifuga sebuleni. Baba alizama na bomba la hewa mdomoni, akavinasa kwa wavu kimoja kimoja, vikatiwa kwenye mifuko ya plastiki, vikapanda ndege ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuipanda. Alifanya hivyo mpaka siku alipotoka kwenye kina kirefu kwa haraka kupita kiasi, na miguu ikafa. Tangu hapo ni mtu wa kiti. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Mwaka huohuo alinipiga marufuku kugusa samaki wake. Nilikuwa nimepewa kubeba ndoo ya samaki kutoka kwenye boti mpaka matangini, nikafika nao wamekufa wote, naye akatangaza mbele ya watu kwamba mkono wangu hauna baraka. Hukumu ile haikuwa na rufaa. Kuku wakifa ni mkono wangu, mchicha ukikauka ni mkono wangu. Mama alipofariki nilihamia kwa baba, Rusimbi, nikawa namwogesha, namgeuza kitandani, namkata kucha, na bado ugali ukitoka na mabonge aliniangalia mikono tu. Kaka yangu, aliyehamia Mpulungu na hata salamu hatumi, ndiye mwenye mkono wa baraka mpaka leo.

Niseme wazi nilichokuwa nakitafuta, maana nimewahi kudanganya kwamba nilipenda samaki. Sikuwapenda. Nilitaka yule mzee, kabla hajafa, aitengue kauli yake kwa mdomo wake mwenyewe. Mwalimu mzima wa miaka arobaini, ninayeogopwa na darasa zima pale Gungu, nilikuwa bado nasubiri kusifiwa na baba.

Samaki wa ziwa wasingenisaidia. Hao alishawafuga miaka mingi, angenicheka. Nikaamua kufuga samaki wa bahari. Kigoma nzima sikumjua mtu aliyewahi kuwa nao. Fundi wa madirisha ya alumini pale Mwanga alinitengenezea tangi la kioo. Mwenzangu niliyesoma naye chuo Dar es Salaam akakubali kunitumia samaki watatu kwa ndege, pamoja na pampu ndogo ya hewa. Alinipigia simu kunielekeza. Alisema ninunue chumvi maalumu ya bahari, niiache pampu ikizungusha maji yale wiki kadhaa bila samaki, ndipo yawe salama. Nilimwitikia kwa adabu, nilipokata simu nikacheka. Mtu wa pwani anifundishe mimi habari za samaki? Kwenye matangi ya kina baba maji yaliingia mapya kutoka ziwani kutwa nzima na samaki wakanenepa. Maji ya kukaa wiki kadhaa, kwetu, ni maji machafu. Na chumvi ya kuagiza ya nini, wakati Uvinza iko hapohapo? Chumvi ya Uvinza imelisha Waha, Warundi na Wakongo tangu enzi za babu zetu. Kama samaki anataka chumvi, nilisema, basi amefika nyumbani kwao.

Nilichota maji ziwani, nikasugua mawe kwa brashi ya waya mpaka yakang'aa, nikamimina chumvi huku nikionja. Niliwahi kunywa maji ya bahari bila kutaka siku moja nikiwa chuoni, na ulimi wangu uliikumbuka ladha ile. Nilipofika pale ulimi ulipokubali, nikaacha.

Samaki walifika Jumamosi. Niliwatoa uwanja wa ndege kwa bodaboda, mfuko nimeupakata kifuani kama mtoto mchanga. Wawili walikuwa wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, mmoja wa njano tupu. Walipoingia kwenye tangi wakaogelea vizuri. Baba akaomba nimsogeze. Akachovya kidole, akakilamba, akauliza chumvi ya wapi. Nikamjibu kwa maringo kabisa kwamba ni ya Uvinza. Aliniangalia kwa muda, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali.

Jumapili walikula. Yule wa njano alikuja mpaka kwenye kioo nilipoweka kidole. Jirani yetu wa kike alikuwa amekuja kuazima ungo, akasimama akishangaa, na hapo mbele yake baba akanena.

"Mwana wanje," alisema, "mkono wako una baraka."

Mwana wanje ni Kiha, mtoto wangu. Hakuwa ameniita hivyo tangu nikiwa na miaka tisa. Nilikwenda jikoni, nikajifanya natafuta chai, nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ya mtoto, na nilimsamehe kila kitu, kuanzia kuku mpaka mchicha. Niliporudi nikamwambia nataka kuwaalika walimu wenzangu kesho yake waje kuona. Akasema nisiwe na haraka, samaki wapumzike kwanza na safari.

"Walete Jumanne," alisema.

Jumatatu niliwaambia wote ofisini. Nadhani niliwachosha. Hata mwalimu mkuu, ambaye tulikuwa hatuelewani, nilimwalika.

Jumanne baada ya masomo walikuja watano. Maji yalikuwa yamepauka, kama ya kuoshea mchele. Samaki mmoja wa chungwa alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe, wa pili akihema juu kabisa, mdomo nje. Wa njano alizunguka, akagonga kioo, akazunguka tena. Nikaingiza mkono kumsaidia, sijui nilifikiri nitamsaidia nini, naye akafia kwenye kiganja changu mbele ya wageni wangu. Mwalimu wa jiografia akasema labda wamelala. Mwalimu mkuu alikohoa, akaangalia saa.

Baba alikuwa amevaa shati safi aliloniomba nimpigie pasi asubuhi ile. Akawakaribisha viti, kisha akawasimulia kwa sauti ya mtu anayepiga hadithi: tajiri aliyemwajiri enzi hizo alijaribu samaki wa bahari hapahapa Kigoma, kwa chumvi hiyohiyo ya Uvinza na maji mapya ya ziwa. Siku ya nne walikufa wote. Walimu wakacheka kwa heshima. Mimi nilikuwa nahesabu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne.

Walipoondoka nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Sikupiga kelele. Nilikuwa bado nimeshika samaki.

"Ulionaje, kuwabeba wazima na kuwaona wamekufa mkononi?" aliuliza.

Akasema siku ile ya ndoo niliifunika kwa mfuniko ili jua lisiwapige, samaki wakakosa hewa. Walikuwa wameagizwa, na ndege ilikuwa ya kesho yake. Akarudi ziwani jioni ileile kutafuta wengine, amechoka, akazama mara nyingi kuliko mwili ulivyoweza, akapanda juu vibaya. Nilikuwa sijawahi kuambiwa. Mama alijua na hakusema. Miaka yote ile niliamini ni ajali ya kazi, kumbe nyumbani kwetu ilikuwa na jina, na jina lilikuwa langu.

"Na Jumapili?" nilimuuliza. "Lile neno la mkono?"

"Nilitaka uwe na kitu cha kupoteza."

Nilimpa chakula chake, nikamwogesha, nikamlaza. Nani mwingine angefanya? Tangi nililivunja kwa mchi, na vipande nikavifukia shimoni.

Mwaka huu mvua zilipoanza, kifua kilimbana. Mikono yake nayo ikaanza kukataa, ikawa namlisha uji kwa kijiko. Asubuhi moja alisukuma kijiko kando kwa kidevu, akaushika mkono wangu kwa vidole vyake viwili vinavyofanya kazi. Machozi yalimtoka. Aliniambia nilikuwa mtoto mdogo tu, nilitaka kuwakinga na jua. Akasema nimemtunza miaka yote hii na yeye anaona. Kisha akasema kwamba mkono wangu una baraka.

Alikuwa anamaanisha. Najua alikuwa anamaanisha, nilimtazama usoni, sijawahi kumwona uso ule. Lilikuwa ndilo jambo moja nililolitaka maishani, na ningeweza kulipokea kwa kuitika tu.

"Hilo ulishalitumia, baba," nilimwambia.

Vidole vikaachia. Nikampangusa kidevu, nikachota uji mwingine, nikausubiri upoe. Akafungua mdomo, akala mpaka ukaisha, na tangu siku ile hajaniambia tena neno lolote zaidi ya kuomba maji.