Kupakia Gari la Kulala Mpaka Tarbaj

Binti yangu na mumewe walinunua gari kuukuu, wakatia ndani vitanda, jiko na sinki, wakasema sasa wana nyumba inayotembea. Nikacheka. Mimi nilizaliwa katika nyumba inayotembea! Tulikuwa tunaibomoa, tunaipakia juu ya ngamia pamoja na mikeka na vibuyu na kuku. Kuku nadanganya, kuku nilimjua baadaye hapa Garissa, na mpaka leo simpendi.

Safari ilikuwa tulale Habaswein, halafu Wajir, mpaka Tarbaj kwa dada yangu mkubwa. Miguu yake imekufa, haji tena huku, na mimi basi linanivunja mgongo. Kwa hiyo miaka mingi tunaonana kwa simu tu, na kwenye simu yeye hupiga kelele kama anaita mbuzi. Safari hiyo niliitaka kuliko wao.

Mkwe wangu ni mtu mwema, mtu wa ofisi. Alipakia mwenyewe, akaenda kujaribu gari mpaka kituo cha mafuta. Likarudi limeinamia upande mmoja, vikombe viwili vimevunjika.

Kwetu mkwe hamwambii mama mkwe neno zito usoni, ni aibu. Basi akamwambia mkewe jikoni. Bahati mbaya, mimi nilikuwa nimekaa chini ya dirisha la jikoni.

"Gari limezidiwa. Mama abaki safari hii."

"Mwambie mwenyewe."

"Mimi? Wallahi siwezi!"

Moyo ulinianguka, sitaficha. Lakini nikasema kwa sauti, "Nimesikia. Teremsheni vitu vyote."

Shule nilisoma darasa la pili, na hilo nusu, maana mwalimu alihama kabla yetu. Lakini kupakia ngamia ni kazi ya wanawake. Ukipakia vibaya ngamia anapata kidonda, na fedheha ni yako, si ya ngamia.

Vikashuka vyote. Jerikeni nne za maji alikuwa ameziweka upande mmoja, ati karibu na mlango. Nikasema mbili huku, mbili huku, chini kabisa, zifungwe kamba. Mtungi wa gesi ulikuwa kando ya kitanda, subhanallah! Tukaufunga, ukaenda kwenye sanduku la nje. Gurudumu la spea lilikuwa chini ya magodoro, na tulipolifukua halikuwa na upepo. Mkwe akalitazama, akalibeba kwa fundi.

Aliporudi nikamwonyesha chuma kirefu chenye miguu. "Hiki?"

"Cha kuchomea nyama, mama."

"Huko Tarbaj mawe yamekwisha?"

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Chuma kikabaki nyumbani, na jenereta, na viti vinne. Halafu nikampigia simu dada aulize wenye malori kama mvua imenyesha, maana hawa walipanga kulala kwenye mchanga wa laga, ule mto wa msimu, eti ni laini. Mto ule ukikauka unaweza kuuona kama godoro, lakini maji hushuka bila kubisha hodi. Tukachagua kulala karibu na kituo cha polisi.

Mkwe akajaribu tena, akavuka matuta yote ya barabarani, akarudi.

"Vikombe?" nikauliza.

"Vimenyamaza." Akafungua mlango wa mbele, macho chini kwa adabu. "Mama, kaa hapa. Ukikaa nyuma utaanza kupakua tena."

Nikapanda kabla hajabadilisha nia.