Kwetu Safari Haisemwi

Mpaka leo nikisikia mtangazaji wa uwanja wa ndege, hata kama ni kwenye filamu, moyo unanipiga paa! Watu wa nyumbani wananicheka. Waache wacheke, hawakuwepo.

Binti yangu aliolewa mbali, Dar es Salaam. Mimba yake ya kwanza iliharibika akiwa peke yake kwenye kitanda cha hospitali, na mimi niko hapa Lubumbashi nazunguka ofisi za tiketi, kila ofisi inanitajia bei ya kununulia shamba. Sikufika. Nilimlilia kwa simu, naye akanililia kwa simu, basi. Alipopata mimba ya pili niliapa kwamba safari hii atazaa nikiwa nimemshika mkono, hata kama itabidi nikae juu ya bawa la ndege.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nikifunga kazi jioni, wengine wanatazama tamthilia, mimi natazama bei za ndege. Na nilikuwa nashangaa peke yangu kama mwehu. Ndege inayopaa hapa Luano, uwanja wetu, ambayo naisikia ikipita juu ya bati langu, ni ghali kuliko ile ya Ndola, ng'ambo ya mpaka, Zambia! Yaani uiache ndege ya mlangoni, upande basi mpaka Kasumbalesa, upange mstari, ugongewe muhuri, uendelee mpaka Ndola, na bado umepata nafuu. Akili gani hiyo? Kisha nikagundua kwamba tiketi moja ya safari nzima inakata pumzi, lakini ukiikata safari vipande viwili, kampuni moja ikupeleke Nairobi, nyingine ndogo ikutoe Nairobi mpaka Dar, bei inalainika. Ile ndogo haitoi hata maji ya kunywa. Tiketi haibadilishwi, pesa hairudishwi, na ya kurudi ina tarehe yake, miezi miwili baada ya siku ya mtoto kutarajiwa. Nikabonyeza kukubali.

Sikumwambia mtu. Kwetu safari haisemwi, unasema ukishafika. Ukiitangaza mapema, macho ya watu yanaingia katikati, na kama ndani yake kuna mimba ndiyo kabisa unanyamaza. Majirani zangu wa mtaa wa Annexe niliwaambia naenda Kilwa, ile yetu ya ziwani, si ile ya pwani, kutafuta samaki. Jinsi barabara ya Kilwa ilivyo, hakuna ambaye angeuliza mbona sirudi. Samaki wenyewe nilikuwa nao tayari, wakavu, wazuri, nimewafunga vizuri kwa ajili ya mkwe wangu. Hata binti yangu sikumwambia, na tulikuwa tunaongea kila siku. Nilitaka afungue mlango anikute.

Pale Ndola dada wa mizani aliliangalia begi langu, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa. Nikalifungua mbele ya watu wote. Nilijifunga vikwembe vitatu vya kitenge juu ya kile nilichovaa, nikatia samaki kwenye mkoba wa mkononi, nikapanda ndege nimevimba kama godoro. Jirani yangu wa kiti alisafiri ameshika pua.

Nairobi tulitua asubuhi. Nikakaa zangu kwenye kiti nangojea ndege ya jioni, nikiamini begi linajua njia. Kumbe! Mfanyakazi mmoja akaniuliza mzigo wangu uko wapi, nikamwambia uko kwenye ndege, akacheka mpaka akajishika kiuno. Ukinunua vipande viwili kwa kampuni mbili, begi linaishia kipande cha kwanza. Nilikimbia na vikwembe vyangu, nikapita uhamiaji, nikalikuta begi limelala peke yake kama yatima, nikalipeleka kwa kampuni ya pili, nikapekuliwa upya, nikarudi kwenye ukumbi wa kusubiri jasho linanitiririka.

Saa yetu ya kuongea ikafika. Nikajificha nyuma ya nguzo nene, nikampigia kwa intaneti ya bure ya uwanja, ili asishtuke kwa nini mama yuko kimya.

“Mama, habari ya huko?”

“Muzuri. Niko ku nyumba, napika bukari. Na weye?”

“Mi pia niko tu ku nyumba. Nimelala kidogo, miguu imevimba.”

“Na bwana yako?”

“Iko muzuri. Anakusalimia.”

Hapo mtangazaji akafungua mdomo. Kwa sauti ile yao ya kubembeleza akawaita abiria wa kwenda Entebbe. Nikaziba simu kwa kiganja, nimechelewa. Lakini yule mtangazaji nilimsikia mara mbili. Mara moja juu ya kichwa changu, mara moja ndani ya simu.

“Mama,” binti yangu akasema polepole, “hiyo sauti ni ya nini?”

“Ni televisheni. Na hiyo ya kwako?”

“Televisheni,” akasema.

Televisheni gani hiyo inayosikika Lubumbashi na Dar kwa pumzi moja ikiwaita watu wa Entebbe? Nilitoka nyuma ya nguzo na simu sikioni. Kwenye viti vya ukutani, hatua chache tu, alikuwa amekaa binti yangu, mtandio kichwani, miguu juu ya begi dogo, tumbo la miezi saba mbele yake, simu sikioni. Nilidhani ni jini amevaa sura ya mwanangu. Nilianza kusoma Ayatul Kursi, nikafika katikati, nikaisahau, mimi niliyeisoma tangu utoto!

“Weye!” nikasema, tena kwenye simu, na huku namwona.

Aligeuka. Simu ikamwangukia mapajani.

Tulikumbatiana mpaka watu wakatupisha. Tulicheka, tukalia, tukacheka tena. “Nilikuwa nakuya kwako, mama,” akasema. “Sikusema juu safari haisemwi. Si njo weye ulinifundisha?” Nikamwambia mjinga, nikambusu, nikamwambia tena mjinga. Naye alikuwa ametafuta kama mimi, vipande viwili, Dar mpaka Nairobi, kisha akabahatisha kiti cha bei ya chini mpaka Luano.

Halafu kicheko kikanikauka. Mwanamke wa miezi saba anasafiri peke yake kwa nini?

“Bwana yako iko wapi?”

Aliliangalia lile begi dogo chini ya miguu yake.

“Mama, hii njo bintu yangu yote. Amenipa talaka. Bibi mwingine ameisha kuingia mu nyumba.”

Astaghfirullah! Nilikaa chini, sakafuni, pale pale. Mke mwenye mimba hatolewi nyumbani mpaka azae, eda yake anaikaa humo humo ndani, hata watoto wa madrasa wanalijua hilo! Na yule mwanamume ndiye aliyekuja kwetu na wazee wake, kanzu nyeupe, maneno laini. Nikamwuliza tangu lini. Tangu mwanzo wa mfungo, akasema. Na kila siku ya Mungu aliniambia bwana anakusalimia, nami nilikuwa najibu, naye msalimie. Nilikuwa namsalimia mtu gani mimi?

Nikapiga hesabu. Jioni ile ningebisha mlango Dar na samaki wangu mkononi, angefungua mwanamke mwingine. Na mwanangu angefika Annexe na tumbo lake akute kufuli, na majirani wangemwambia mama yako ameenda Kilwa, ngoja tu.

Nilikwenda kwenye kaunta. Tiketi yangu haibadilishwi. Ya kurudi ni tarehe yake tu. Ndege ya Luano imejaa, na kuhusu ndege ya kesho yake, bei aliyonitajia dada wa kaunta ilinifanya nimwulize kama nanunua kiti au nanunua ndege. Hakucheka. Nyuma yangu walikuwa wameanza kuwaita abiria wa Lubumbashi.

Nilifungua fundo la kikwembe, nikatoa ufunguo wa nyumba, nikamfumbatisha.

“Enda. Unga iko ku ndoo. Usibebe maji, ita jirani. Ukisikia tumbo inauma, usingoje.”

“Na weye, mama?”

“Mi nitakuya.”

“Utakuya na nini?”

“Enda, nimekuambia!”

Alikwenda, anageuka kila hatua. Nilikuwa nimeapa kumshika mkono, na nilikuwa nimeuachia mwenyewe.

Ndege ya Dar niliipanda, kwa sababu ilikuwa imelipiwa na kwa sababu Dar ndiko mabasi ya Zambia yanakoanzia. Kwa yule mwanamume sikupita. Miguu ilitaka sana, nikaikataza. Nilipanda basi nikaivuka Tanzania yote nimekaa na samaki wake mapajani. Kila basi likisimama nilikuwa naomba mtandao na kumwuliza, tumbo limetulia? Limetulia, mama. Baada ya mpaka wa Nakonde simu yake ikawa haiiti. Nikapiga na kupiga. Umeme wa Annexe naujua, unakatika mpaka simu za mtaa mzima zinakufa, lakini akili ya mama haifikirii umeme. Ilikuwa inafikiria kile kitanda cha hospitali. Njia yote ya Zambia nililia bila kujificha, na Kasumbalesa yule wa muhuri akanigongea bila kuniuliza neno.

Nilifika mlangoni kwangu mchana, miguu imevimba kuliko ya mjamzito. Pamefungwa. Kimya. Niliogopa kubisha, wallahi, niliogopa mlango wangu mwenyewe. Nikatoa simu nikapiga, na safari hii ikaita.

“Uko wapi?” nikamwuliza.

“Niko ku nyumba, mama.” Sauti niliisikia mara mbili, sikioni na nyuma ya mbao. “Na weye?”

“Mi pia,” nikamwambia. “Fungua.”