Mpini wa Kiwanda cha Sabuni

Mjukuu wangu tunamwita Bisibisi, maana hakuna kitu kilichoingia nyumbani kwetu kikiwa kizima kikabaki kizima. Alipokuwa mdogo alifungua redio ya marehemu mume wangu akimtafuta msomaji wa habari. Akafungua saa, akafungua pasi, na tusingewahi angemfungua na mdogo wake. Alipokwenda chuo kikuu kusomea uhandisi wa mitambo, vitasa vya mtaa mzima vilishusha pumzi.

Sasa huko chuoni wana utaratibu wao. Ukifika mwaka wa tatu unatolewa darasani, unapelekwa penye mashine za kweli ukajifunze kwa mikono. Karibu na mwisho mwalimu anakuja kukuuliza umefanya nini. Ukikosa jibu, mwaka unaurudia. Na Bisibisi alikuwa anasomeshwa na wafadhili. Akirudia mwaka, wafadhili wanakunja mkeka wao, na masomo ndiyo basi tena.

Akapata nafasi kiwanda cha sabuni, ng'ambo ya reli. Siku ya kwanza alitoka na ovaroli yenye mifuko kila mahali, kila mfuko na spana yake, akitembea analia kama duka la vyombo. Jioni akarudi akisugua bega.

"Vipi, mke mwenzangu?" nikamuuliza.

"Nimepewa kushika mpini, Bibi."

"Mpini wa nini?"

"Hakuna anayejua."

Nikadhani ananitania. Kumbe kweli. Pembeni ya masufuria makubwa ya kupikia sabuni kulikuwa na ukuta, na ukutani mpini mwekundu wa chuma, umekandamizwa chini. Zamani fundi mkuu mmoja alimwambia mwanafunzi, "Hebu nishikie hapa, nakuja." Akaenda stoo kutafuta washa, kile kiduara cha mpira cha kuzibia. Mpaka leo. Wengine wanasema alistaafu, wengine wanasema bado anaitafuta. Yule mwanafunzi akashika hadi jioni, akapokewa na mlinzi, mlinzi akapokewa na mwanafunzi, na hayo ndiyo yakawa mafunzo ya vitendo ya kiwanda kile. Meneja mwenyewe aliushika ujanani, na picha yake akiwa ameushika imetundikwa ofisini. Mainjinia wote waliopitia pale utawajua tu: bega la kulia limeshuka, wanatembea kama wamebeba ndoo.

Bisibisi alimuuliza msimamizi, "Mzee, nikiachia itakuwaje?"

"Binti yangu, hakuna aliyewahi kuachia."

"Sasa mnajuaje kama ni lazima kushika?"

"Kwani si tunashika?"

Akaomba apelekwe karakana, akaambiwa atakwenda akimaliza mpini. Wiki zikapita. Kiganja kikaota sugu, tukawa tunavunjia karanga. Kisha jioni moja akasukuma sahani pembeni.

"Kesho mwalimu anakuja, Bibi. Nimwambie nimejifunza nini? Kusimama?"

Usingizi ukanipaa. Asubuhi nikachukua kikapu, nikamfuata.

"Bibi, humu wanaingia wafanyakazi tu," mlinzi akasema getini.

"Miaka yote hii napita hapa na leo ndiyo unajifanya hunijui?"

Akaona haya, akanifungulia, akaniuliza na hali ya watoto.

Nikamkuta Bisibisi amesimama na mpini wake kama mtu aliyeombwa kushika mbuzi wa wenyewe. Nikamwambia, "Nipe nishike. Wewe nenda nyuma ya ukuta ukaangalie."

"Bibi, hairuhusiwi."

"Nilimshika babu yako asitoroke hadi akazeeka, nitashindwa na chuma?"

Akanipa. Akachukua tochi na spana zake, akapenya nyuma ya ukuta, nikawa nasikia spana zake zikigongana tu.

Sijakaa sawa, meneja akaingia na mwalimu wa chuo. Mwalimu alipouona ule mpini, sauti ikamlegea. "Bado unashikwa?"

"Kwa heshima zote," meneja akajibu.

"Niliushika mimi. Nikapata alama za juu."

"Zamu yangu ulikuwa mgumu zaidi," meneja akasema, wakaanza kubishana. Mwisho mwalimu akanigeukia. "Shikamoo, mama. Uko mwaka wa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Wa mwisho."

Akanyoosha mkono. Na mimi nimelelewa. Mkubwa mwenzako akikupa mkono, humpi wa kushoto. Nikampa wa kulia.

Jamani, ile sauti. Povu la sabuni lilisimama wima kwenye masufuria. Jirani wa kiwanda, kiziwi wa kuzaliwa, alifungua mlango akasema, "Nakuja, nakuja." Ilikuwa honi ya kutokea kazini. Miaka yote walikuwa wanashika honi isilie, na jioni wanatuma mtu wa kupiga kelele kwamba muda umekwisha. Sasa wafanyakazi waliposikia honi hawakuuliza saa. Walichukua mifuko yao, wakaenda nyumbani, na chai ya asubuhi haijapoa.

Meneja na mwalimu wakaurukia mpini, mmoja anakandamiza, mmoja anainua, kila mmoja anamwambia mwenzake hajui kushika. Mara honi ikakatika kama mtoto aliyeonyeshwa fimbo. Bisibisi alikuwa amefunga koki ya upepo huko nyuma.

"Bibi," akaita, "nitupie kandambili moja."

Nikavua, nikarusha. Mpira wa zamani ulikuwa umekuwa unga. Akakata kisigino cha kandambili yangu, akachonga kiduara, akakiweka, akakaza, akafungua koki. Kimya. Mpini ukakaa chini wenyewe, hakuna aliyeushika.

Akatoka na grisi mpaka kwenye viwiko na utando wa buibui kichwani. Mwalimu akamuuliza swali lake: "Umefanya nini?" Bisibisi akaeleza, kuanzia koki hadi kandambili. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho.

"Umefaulu," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

Meneja hakuondoa macho kwenye mpini. "Sasa wanafunzi wanaokuja watafanya nini?"

"Waende karakana, mzee."

Meneja akageuka kutafuta wa kumuunga mkono. Kiwanda kitupu. Masufuria yanatokota, yamebaki kidogo yamwagike.

"Binti, unajua kuyazima yale?"

"Sijawahi kuruhusiwa kuyasogelea."

"Sogea."

Akasogea, na hajatoka tena. Alimalizia mafunzo yake karakana, na siku alipovaa joho la kuhitimu, nafasi yake ya kazi ilikuwa inamngoja. Meneja bado anapita kila asubuhi kuushika mpini kidogo, wanamwacha.

Kandambili iliyobaki ninayo uvunguni. Jioni honi ikilia, naweka chai ya Bisibisi jikoni, halafu nachungulia uvunguni naiambia, "Unamsikia mwenzio? Yeye yuko kazini, wewe umelala."