Zamu Yangu ya Kuponi

Watu wengine huku ughaibuni wanaisubiri likizo ya vuli kwa hamu. Wanakwenda kwenye nyumba zao za mashambani, wanaokota uyoga, wanarudi na mashavu mekundu. Mimi mwaka ule nilikuwa naiogopa. Shuleni watoto wangu wawili wanapewa chakula cha mchana bure, cha moto, na wanaongezewa wakitaka. Shule ikifungwa wiki nzima, chakula hicho kinakuwa juu yangu, na mimi sikuwa nacho.

Bega langu la kulia lilikuwa limegoma. Miaka tisa ya kusukuma mashine ya kusafishia sakafu za maofisi, halafu asubuhi moja mkono ukakataa kupanda hata kuchana nywele. Daktari akanipumzisha. Malipo ya ugonjwa yakakwama kwa sababu ya karatasi moja ambayo ofisi moja ilisema haijaipata na ofisi nyingine ilisema imeshaituma. Nilipiga simu, nikasubiri nikisikiliza kinanda, nikaambiwa nitegemee barua. Kila siku barua zilipodondoka kwenye tundu la mlango nilikimbia kuziokota. Yalikuwa matangazo ya madirisha mapya, kana kwamba nyumba ni yangu.

Lakini nilikuwa na zamu.

Sisi wanawake wanane wa kikundi cha maombi, wa Burundi, Kongo na Uganda, pamoja na mimi wa Kigoma, tulikuwa tunacheza upatu wa kuponi. Usicheke. Duka kubwa tunalonunua sote humtumia kila mwanachama wake bahasha ya kuponi kila mwezi: punguzo la mchele, kuku kwa nusu bei, na moja kubwa ya kupunguza bei ya kikapu kizima. Kuponi za mtu mmoja hazifiki mbali. Ndipo mkubwa wetu, mama mmoja Mrundi anayekaa Spånga, akasema tufanye kama tulivyokuwa tukifanya na fedha nyumbani: kila mwezi sote tunampa mmoja wetu kuponi zetu zote, na mwezi unaofuata tunampa mwingine. Mwenye zamu anajaza nyumba. Baadaye anasimama mbele yetu na kutoa shukrani.

Miezi mitano mfululizo niliwapa wenzangu za kwangu. Nyingine nilizitoa kwa uchungu, huku naiangalia ile picha ya kuku. Zamu yangu niliomba iwe mwezi wa kumi, na sikumwambia mtu kwa nini. Nilisema tu kwamba mwezi huo unanifaa. Hata Mungu nilimwomba kwa mafumbo, wenzangu wasije wakanisikia.

Jumamosi, siku mbili kabla ya likizo, nilimchukua binti yangu wa miaka kumi na moja anisaidie mifuko kwa ajili ya bega. Tukatoka Akalla tukaenda mpaka Vällingby, ambako duka lile ni kubwa zaidi. Tulijaza toroli. Mchele mfuko mkubwa, mafuta, maharage, kuku wawili wa barafu, maziwa, mayai, tufaha. Binti yangu akaweka boksi la nafaka za asubuhi zenye asali, akaniangalia usoni. Nikamwambia liache humo humo. Nilikuwa tajiri siku hiyo, bwana. Nilitembea kati ya zile rafu nikigusa vitu ambavyo hata sikuvihitaji.

Kwenye kaunta msichana wa malipo alipitisha kila kitu, nami nikatoa bahasha. Kuponi zangu mimi zikakubali. Iliyofuata, mashine ikalia. Iliyofuata tena, ikalia. Msichana akaigeuza, akasoma maandishi madogo, kisha akanieleza taratibu, kwa ule upole wa huku unaouma kuliko tusi. Kila kuponi ina namba ya mwanachama na lazima iende na kadi yake mwenyewe. Zamani walikuwa wanazipitisha tu, lakini tangu majira ya joto mashine ni mpya na hazikubali. Akauliza hizi ni za nani.

Nikasema za dada zangu. Akauliza kama wapo hapa. Nikamwambia dada saba hawawezi kuja wote kununua mchele, na nikasikia sauti yangu ikipanda. Nyuma yangu mzee mmoja akaihamishia kahawa yake foleni nyingine.

Basi nikaanza kurudisha. Kuku wote wawili. Mafuta niliyarudisha, nikayachukua tena. Mayai. Tufaha. Mfuko mkubwa wa mchele nikaubadilisha na mdogo. Lile boksi la asali binti yangu alilitoa mwenyewe kabla sijalifikia, akalisukuma kando kwa vidole viwili.

"Mamma, kom, vi går," akasema, akanivuta mkono tuondoke.

Ndani ya basi sikulia. Nilikuwa na hasira na mashine, na yule msichana mpole, na zaidi ya wote na mimi mwenyewe, mtu ninayesoma Biblia mpaka zile ramani za mwishoni, nikashindwa kusoma mstari mmoja chini ya kuponi. Nyumbani niliviweka vile vitu mezani na kuvipima kwa macho. Vingefika Jumanne. Nikijibana sana, Jumatano asubuhi. Mwanangu wa kiume, wa miaka minane, akauliza kama mifuko mingine imebaki chini. Nilimwambia akaoge.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada tulikaa kwenye viti vyetu vya duara na chai. Kuponi za mwezi uliofuata zilikuwa zimeshafika, na mkubwa wetu alikuwa amezikusanya kwenye bahasha ampe mwenye zamu mpya, msichana mmoja wa Uganda aliyekuwa na mtoto wa wiki tatu mgongoni. Kabla ya hapo ilikuwa lazima mimi nisimame kushukuru.

Kwetu mtu akipewa kitu hasemi mbele ya waliompa kwamba kilikuwa kibovu. Unawaaibisha wao, na wewe mwenyewe unajivua nguo. Kwa hiyo shukrani yangu nilikuwa nayo tayari, nilishaifanyia mazoezi jikoni. "Ndugu zangu, asanteni sana," nikasema, "kikapu kilijaa." Wala haukuwa uongo, kilijaa kabisa kabla sijaanza kukipunguza.

Nilitegemea waseme amina. Wengine walisema. Lakini yule Mkongo aliyekuwa na zamu mwezi uliotangulia, aliyetushukuru kwa wimbo mzima mpaka tukampigia makofi, alikuwa anatazama viatu vyake. Na yule aliyemtangulia yeye alikuwa anakoroga chai ambayo alishaimaliza. Nikawaangalia mmoja baada ya mwingine. Hawa walishasimama pale kwenye ile kaunta. Walishasikia ile mashine.

Mkubwa alikuwa ameshanyoosha bahasha, na yule msichana wa Uganda alikuwa amepiga goti kidogo kuipokea kwa mikono miwili.

"Usipokee," nikasema. "Zinakataa. Zinakubali za mwenye kadi tu. Jana nimerudisha chakula mbele ya mwanangu, kesho shule imefungwa, na ndani kwangu hakuna kitu cha kupita Jumatano."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mkubwa aliweka bahasha kwenye kiti. "Mwanangu, sasa kwa nini hukusema?"

"Si ndiyo nasema, mama."

"Kesho asubuhi walete wote kwangu. Watakula na wajukuu wangu wiki nzima, na wewe utakula. Usiniletee maneno." Akazigawa kuponi, kila mtu akarudishiwa za kwake, na hakuna aliyejua azitazame au azifiche.

Ningepaswa kushukuru nikae. Lakini hasira ilikuwa bado haijapata mtu wake, na nikamgeukia yule Mkongo.

"Ulijua," nikamwambia. "Mwezi mzima ulijua. Ukatuimbia, na mimi nikakupigia makofi na hili bega."

"Bote ba zamu ya mbele yangu balisema merci, mama," akajibu polepole. "Mimi ningesema nini?"

"Una watoto watatu! Wewe ulirudi nyumbani na nini? Walikula nini?"

Alikuwa anaikunja kuponi yake ya kuku, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo sana mkononi.

"Batoto nilibalalisha mapema," akasema.