Propela ya Mbele

Mwezi uliopita, kwenye gereji moja Mwanjelwa, nilimsikia bwana mmoja aliyetoka kununua gari la mtumba, lile la kuvuta kwa tairi zote nne, akimwamuru fundi:

“Ng'oa hiyo propela ya mbele. Inakula mafuta.”

“Mzee, hiyo ndiyo inazungusha tairi za mbele. Nikiing'oa zitavuta za nyuma tu.”

Bwana akapapasa kava la tairi ya akiba, palipoandikwa 4WD kwa herufi kubwa.

“Haya maandishi yanabaki?”

“Yanabaki.”

“Basi ng'oa.”

Jumapili nimemkuta njia ya shambani, amezama kwenye tope, anavutwa na ng'ombe wawili wa jirani. Ng'ombe wenyewe hawajaandikwa kitu popote, ila walikuwa wanavuta kwa miguu yote minne.