Prosesa, Kadi na Jiko la Harusi

Mimi shule niliiacha mapema, nikijua kusoma Biblia polepole na kuandika jina langu bila kuangalizia. Baada ya vita vya themanini na sita, mume wangu alinitoa upande wa Kenya akanileta Kampala tuuze sabuni. Mji ulikuwa umechoka, watu walitaka kuoga, sabuni ilitoka. Miaka ikapita, sabuni ikajaa kila duka, mume wangu akafariki, na mimi nikabaki kwa sababu nilikuwa nimeshapata kazi nyingine iliyonishika: kupika kwenye harusi za watu. Nimepika matoke ya harusi mpaka moshi haunitoi tena machozi.

Nayasema haya mapema ili mtu asiniulize baadaye mwanamke kama mimi alitafuta nini kwenye duka la kompyuta kule Nateete.

Kilichonipeleka ni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwanangu. Alikuwa amemaliza shule, anangoja majibu ya mtihani, na tulikuwa tunaishi wawili hapa chini ya mlima wa Kibuli. Asubuhi alisuka watu nywele. Alasiri alipanda boda boda kwenda Kansanga kwenye chumba cha kuchezea gemu, ambako vijana hulipia kukaa mbele ya kompyuta na kukimbizana kwa magari ambayo hayapo. Yeye aliwashinda. Akishawashinda, walimwambia zamu yako imekwisha, dada, nenda kasuke. Alirudi nyumbani mashavu yamevimba, akamwaga hasira yote kwenye kusugua masufuria. Masufuria yangu hayajawahi kung'aa vile.

"Jaja," akaniambia siku moja, kama huku wanavyomwita bibi, "nataka kompyuta yangu mwenyewe. Ya gemu. Nichezee hapa nyumbani, nisiondolewe kwenye kiti na mtu."

Hela zake za nywele alikuwa amezitunza, ila hazikufikia bei kwa kidogo tu. Nikasema nitajazia. Nilidhani neno limekwisha. Ndipo baba yake akasikia.

Mwanangu ni dereva wa lori. Ni mtu mzuri, lakini kitu asichoweza kukipakia mizigo haoni faida yake. Akanipigia simu.

"Mama, huyo anunue cherehani. Cherehani ni kazi."

"Wewe ulipokuwa mdogo ulinunuliwa mpira," nikamwambia. "Ulishona nini nao?"

Akaweka sharti. Tununue, lakini Jumapili angekuja kuiona kwa macho yake. Ikizima mbele yake hata mara moja, inarudi dukani, na hela zinanunua cherehani. Mjukuu wangu alikubali kabla sijafungua mdomo. Basi ikawa hivyo: tukichagua vibaya, mtoto anaketi kwenye cherehani asiyoitaka.

Muuzaji wa Nateete alikuwa Mkongo, alikimbia fujo za kwao mashariki akaja kuuza kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya. Alituahidi kwamba tukirudisha ndani ya wiki hatakataa. Kiswahili chake kilikuwa na miguu yake na changu kina miguu yangu, lakini vilitembea pamoja. Akatutolea mashine mbili, akaziweka kwenye meza kama mtu anayeonyesha maharusi.

"Mama, hii ya kwanza iko na prosesa ya nguvu, karibu mupya," akasema. "Kadi ya picha njo iko na nguvu kidogo. Hii ya pili, prosesa ni ya zamani, lakini kadi, mama, kadi ni nyama."

Hiyo ya pili ilikuwa na kioo ubavuni. Ndani kadi ilikuwa imelala, nene, na feni tatu, na taa nyekundu na za buluu zinazunguka zenyewe. Mjukuu wangu aliitazama kama vijana wanavyotazama bibi harusi wa mwenzao.

"Hii ni disko," nikasema. "Tumekuja kununua disko?"

"Jaja, taa si kitu. Kadi ndiyo inayochora."

"Na hiyo prosesa inafanya nini?"

Akanieleza. Huyu mtoto ana subira kuliko walimu wote walionichapa. Alisema prosesa ndiyo inayofikiri: gari hili liende wapi, yule adui amekuona au hajakuona, ukigonga ukuta nini kivunjike. Ina viini vichache, lakini kila kiini kina akili. Kadi ya picha haifikiri sana. Ina viini vidogo vidogo maelfu, na vyote vinafanya kazi ileile kwa pamoja, kupaka rangi kila nukta ya skrini, haraka haraka, upya kila mara, mpaka jicho lidhani kitu kinatembea.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikayatafuna hayo maneno. Halafu nikaona jiko.

Harusi ya hapa Buganda, ndizi za matoke zinaletwa kwa malori. Wanawake wanakaa chini juu ya majani ya migomba, kila mmoja na kisu chake, wanamenya. Hakuna anayefikiri pale. Wanamenya na kusema watu. Juu yao kuna mwanamke mmoja anayejua sufuria gani ijazwe kwanza, moto gani uongezwe, wageni wa bwana harusi wamefika au bado. Mwanamke huyo mara nyingi ni mimi.

"Kwa hiyo prosesa ni mimi," nikamwambia mjukuu wangu, "na kadi ni wale wamenyaji."

Alinitazama, akaanza kucheka polepole. "Jaja, ndivyo hasa."

"Basi hii mashine ya kwanza ni mimi na wamenyaji wawili. Nitapiga kelele mpaka koo likauke, ndizi hazitakwisha."

"Ndiyo. Picha itakwama."

"Na hii ya disko ni uwanja umejaa wamenyaji, lakini anayewasimamia ni bibi aliyesinzia."

"Watakaa na visu mkononi wakingoja kuambiwa," akasema yeye. "Kadi itakuwa na nguvu na haina la kufanya."

Muuzaji alikuwa amesimama anatutazama sisi wawili. "Mama," akasema, "muko munanunua kompyuta ao munapika?"

"Ziwashe zote mbili," nikamwambia. "Sufuria sinunui bila kutia maji."

Akaziwasha, gemu moja ya magari kwenye mashine zote mbili. Mjukuu wangu akakaa kwenye ya kwanza. Gari likakimbia, lakini barabara ilikuwa ya ukungu, miti kama imekatwa kwa panga butu, na alipoongeza uzuri wa picha ikaanza kuruka ruka kama sinema ya zamani. Akahamia ya pili. Yesu wangu, ilipendeza. Maji yaliyomwagika barabarani yalionyesha mawingu. Nikasema moyoni basi disko imeshinda. Lakini alipoingia mjini, magari yakawa mengi, watu wakawa wengi, ikashtuka. Ikasimama, ikaenda, ikasimama, kama lori la baba yake likipanda mlima. Yule bibi alikuwa ameamshwa na watu wengi kwa mara moja.

Uso wa mjukuu wangu ulianguka, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshaihamia ile ya taa. Hapo ndipo nilipojivuna naye, na bado najivuna. Hakulia, hakubembeleza. Aliinama akatazama rafu ya chini, akavuta kadi moja ya kati, feni mbili, haina taa hata moja.

"Papa," akamwambia muuzaji, "chukua mashine ya kwanza, toa hiyo kadi ndogo, utie hii. Kisanduku chake cha umeme kitaweza kuilisha?"

Muuzaji akainua nyusi. Akafungua, akasoma maandishi ya kwenye kisanduku, akasema kitaweza, na kitabaki na nafasi. Akabadilisha pale pale. Mjukuu wangu akaingia mjini na gari lake, katikati ya magari na watu wote, na picha ikateleza kama samli. Maji ya barabarani hayakuonyesha mawingu vizuri kama yale ya disko. Lakini hakuna kilichoshtuka.

"Huyu ni mjukuu wangu," nikamwambia muuzaji, ingawa alikuwa anajua.

"Naona, mama. Kichwa ni ya kwako."

Nikamwambia changu hakijafika huko, lakini sikukazana kumpinga.

Tukaileta Kibuli, nikaishika mapajani kwenye teksi kama mtoto mchanga. Siku zote zilizobaki kabla ya Jumapili mtoto alicheza kila akipata nafasi, na mashine haikukohoa. Mimi nami nilikuwa na kazi yangu. Mgeni akija, nyumba yangu huvishwa. Viti vina vitambaa, redio ina kitambaa, televisheni ina chake chenye pindo, hata chupa ya chai ina kikoti. Kitu kikikaa uchi sebuleni siku ya wageni ni mimi ninayeaibika. Kwa hiyo niliifumia kompyuta nguo ya sufu nzito, rangi ya maziwa na maua mekundu, imeizunguka mbele, nyuma na juu, imebana vizuri kama sweta ya mtoto wa shule. Nyaya tu ndizo zilizotokeza. Jumapili, tulipotoka kanisani, mjukuu wangu akiwa nje anaosha kuku, nikaivisha.

Aliporudi ndani baba yake alikuwa ameshafika, ameketi, anauliza yuko wapi huyo mnyama aliyekula cherehani. Kwa haraka ya kumpa baba yake chai na kuwasha mashine, mtoto aliiona nguo, akatabasamu, akasema "Jaja, umeipamba," akapita.

Mwanangu akamtazama binti yake akiendesha. Akamtoa makosa. Kona umeichukua mapema. Gia hiyo ni ya kuteremka. Mwishowe hakuweza kuvumilia.

"Nipishe. Mimi ndiye dereva hapa."

Alianza kwa kugonga ukuta. Akagonga basi. Akaingia mtoni. Binti yake alikuwa amekaa kando, mkono mdomoni, mabega yanatikisika.

"Baba, leseni ulipewa wapi?"

"Usukani uko wapi? Nani anaendesha lori kwa vidole?"

"Si lori, baba. Punguza mbwembwe."

Chai ikapoa. Kuku akaiva, nikamtoa motoni, hakuna aliyekuja kula. Mwanangu, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa ametoa ulimi nje kama alivyofanya akijifunza kuandika. Akapita gari moja, akapita jingine. Akawa wa kwanza. Mbele yake ilibaki kona moja na mstari wa mwisho, na alikuwa ameanza kusema "mnaona, mnaona."

Skrini ikawa nyeusi.

Nilitazama taa ya darini. Ilikuwa inawaka, kwa hiyo si umeme. Feni zilikuwa zimenyamaza. Mjukuu wangu alikuwa amesimama, na rangi yake haikuwa nzuri. Sote watatu tulilijua lile sharti. Mimi nilikuwa nafikiri kadi ile isiyo na taa imetuangusha, tungechukua ya disko.

Mtoto akasogea, akaweka kiganja nyuma ya mashine, akakiondoa haraka. Halafu akaishika ile nguo kwa vidole viwili na kuivua. Joto likatoka kama umefunua chungu.

"Jaja," akasema taratibu, "mpishi na wamenyaji wote umewafungia jikoni na moto unawaka. Ukaziba mpaka dirisha."

Zile feni nilidhani zinapoza ndani kwa ndani tu. Kumbe zilikuwa zinatafuta mlango.

"Haijaharibika," akamwambia baba yake. "Ikipata joto sana inajizima yenyewe, ijilinde. Ikipoa itawaka."

"Basi iwashe," akasema mwanangu.

"Lakini ulisema ikizima..."

"Nilisema ikizima yenyewe. Hii imezimwa na mama yangu." Akanigeukia. "Mama, nilikuwa wa kwanza. Umenivisha sweta nikiwa wa kwanza."

"Ulikuwa wa kwanza kwa sababu mtoto hakushindana nawe," nikamwambia. "Njoo ule kuku."

Alikula akitazama mashine badala ya sahani. Mfupa ukiwa bado mkononi aliuliza imepoa au bado. Ilipowaka hakuipata tena nafasi ya kwanza, aliingia mtoni mara nyingine, na alipoondoka kiza kinaingia, neno cherehani halikuwa limetajwa na mtu yeyote.

Ile nguo sikuitupa, kazi yangu siitupi. Tulikubaliana na mjukuu wangu kwamba mashine itaivaa ikiwa imezimwa tu, kwa ajili ya vumbi. Jumapili iliyofuata mwanangu alikuja bila kuitwa. Alikuwa na mkate mkono mmoja. Kabla hajanisalimia, mkono wa pili uliivua sweta, akaikunja vizuri kama nilivyomfundisha, akaniwekea mapajani.